Jeneza Kwenye Kamati ya Harusi

Najua Kevo ameshawatumia ile voisi noti yake, ati jana nilizimia mbele ya kamati ya harusi na bibi harusi akalia. Kwanza, sikuzimia. Niliinama kutafuta waya wa projekta. Pili, bibi harusi hakulia. Alikuwa anacheka, angalau mwanzoni.

Mnaonifuata mnajua natengeneza tovuti, na wateja wangu wote nimewabana kwenye akaunti moja ya hostingi, yaani pale tovuti zinapohifadhiwa, kama wapangaji wa Pipeline, ule mtaa wa Nairobi uliosongamana. Domeni kuu (domeni ni anwani ya tovuti), ile inayokaa kwenye public_html, folda kuu ya akaunti, ni ya fundi wa majeneza. Hulipa mapema kuliko wote, sina neno naye.

Jana nikiwa kwenye matatu nikielekea Ngara, nikafungua cPanel, ukurasa wa kuendeshea hostingi, kwenye simu niongeze domeni ya harusi. Sasa, cPanel ina kisanduku ambacho huja kikiwa na tiki tayari: domeni mpya itumie folda ya domeni kuu. Usipoitoa hiyo tiki, anayefungua tovuti mpya analetewa ya zamani. Kioo cha simu yangu kina ufa. Kisanduku kilikuwa chini ya ufa. (Acheni kucheka, hata hatujafika.)

Hotelini, kwenye kikao cha kamati, mwenyekiti, mjomba wa bwana harusi, akashika maiki. "Kijana wetu wa kompyuta ametutengenezea tovuti ya michango. Kijana, hebu bonyeza."

Nikabonyeza.

Intaneti ya pale ilikuwa inatambaa, kwa hivyo picha ikashuka ukutani kipande kwa kipande. Kikaja kipande cha mbao, mahogani inayong'aa. Shangazi wa bibi harusi akapiga makofi: "Hiyo ndiyo meza ya maharusi? Mmejitahidi!" Vikafuata vishikio vya dhahabu. Mimi vile vishikio navijua, nilivipiga picha mwenyewe kule Kariobangi. Natafuta kipanya, kipanya kimehamia kwa Kevo, na Kevo anarekodi. Ikashuka satini nyeupe yenye marinda. "Aah, na gauni pia wameweka," shangazi akasema, sauti imeanza kupungua.

Halafu maandishi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Kitu kikiandikwa ukutani lazima akisome. Akasoma, kwenye maiki, neno kwa neno:

"Poleni... kwa... msiba."

Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Nikadhani Mungu amenisikia. Akaendelea!

"Tunazo saizi zote. Tunasafirisha hadi nyumbani, usiku na mchana."

Ukumbi kimya. Kutoka nyuma, mtu akaitikia, "Amina."

Mengine ni mafupi. Nilirudi cPanel, nikaifuta domeni, nikaiongeza upya bila tiki, kwenye folda yake, ikafunguka sawasawa, isipokuwa kwa wale ambao simu zao zilikuwa zimehifadhi ukurasa wa kwanza. Hao walichangia wakitazama jeneza. Soda ilinipita.

Leo asubuhi fundi amenipigia. Kuna mzee ameulizia ile ya vishikio vya dhahabu, na anataka apunguziwe bei kwa sababu yeye ni wa kamati.