Chumvi Ni Ile Ile

Jumanne jioni mpwa wangu wa gredi ya 6 alinikuta barazani hapa Majengo, machozi yakimlengalenga, karatasi ya mtihani wa Kiingereza mkononi. Waliulizwa: mtu akikwambia "take it with a pinch of salt", ana maana gani? Akachagua C, kuongeza maneno. Akawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na hakuna aliyemweleza kitu.

"Shangazi, si ndiko kutia chumvi huko?"

Mtoto huyu hakubahatisha. Ami yake ni mvuvi, na kila akisimulia, nguru aliyemponyoka huwa mrefu kuliko mlango. Bibi humkatiza pale pale: "Mwanangu, ushatia chumvi." Mpwa wangu amekua akiyasikia hayo. Alipoiona chumvi kwenye mtihani alifanya lile tunalomtakia kila mwanafunzi: alitafuta katika anachokijua. Kumbe kwa Kiingereza ni kuambiwa usiamini yote unayoyasikia.

Na si chumvi peke yake. "The long arm of the law" ni sheria inayomfikia mhalifu popote ajifichapo. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi mwenyewe! Mtoto wa Pwani akikosea hapo, tumempima Kiingereza au tumemwadhibu kwa kukijua Kiswahili?

Nakubali, shingo upande, kwamba nahau nyingine ni za kukariri tu. "Kick the bucket" ni kufa, basi. Na maswali ya kuchagua husahihishwa upesi. Lakini "carrying coals to Newcastle" haihitaji kukaririwa ukishaambiwa kwamba mji huo wa kaskazini mwa Uingereza ulisafirisha makaa ya mawe kwa karne nyingi. Ni kama kutoka Mombasa na gunia la nazi kwenda kuliuza Kilifi. Maelezo ya dakika 1, na mtoto hasahau.

Walimu wetu, nawaomba sana: jibu kama hili likitokea, muulizeni mtoto amelitoa wapi.

Sisi tuliketi na karatasi ile mpaka adhana ya isha. Tukaipindua chumvi huku na huku. Mwishowe akachukua penseli, akaandika kando ya ule wino mwekundu: "Kwetu anayesema ndiye anayeitia. Kwao anayesikia ndiye anayeitia."