Nimechomoa Kebo, Bado Kinajibu

Mama, tajiri wangu, ana stoo ya dagaa na kayabo pale Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Mvua ikimkuta na dagaa kwenye vichanja analalamika, lakini kinachomkosesha usingizi hasa ni daftari la madeni. Siku hizi daftari lenyewe liko kwenye kompyuta: nani wa Kongo kachukua magunia mangapi, nani wa Kahama kaahidi kulipa mwisho wa mwezi akazima simu. Ndiyo maana akanunua kile kisanduku cha diski mbili kinachokaa kwenye mtandao. Kila siku saa 3 usiku kompyuta za ofisi zinatuma nakala huko, na kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mama anakiita benki.

Sasa benki ikawa haipokei. Asubuhi nawasha kompyuta nakuta ujumbe: njia ya mtandao haijapatikana, kosa 0x80070035. Mchana najaribu kwa mkono, nakala zinapita vizuri tu. Usiku zinagoma. Halafu unatokea usiku mmoja zinapita zenyewe bila kuguswa na mtu. Kitu kikifa moja kwa moja mimi sina shida nacho. Hiki kilikuwa kinaumwa kwa zamu.

"Fundi, benki imefunguliwa?"

"Bado Mama, tunaangalia."

"Mnaangalia wewe na nani?"

Nikaanza na mwili wake. Kufungua kifuniko, feni imevaa sweta: vumbi la dagaa, magamba, na wale wadudu wa ziwani ambao jioni wanapanda kutoka majini wingu zima na kufuata taa. Kisanduku kina taa za kijani zinazopepesa usiku kucha, basi walijiona wamealikwa. Nikasugua kwa brashi ya kupakia rangi, na katikati ya zile takataka akadondoka dagaa mmoja mzima, na macho yake. Vijana wa kubeba magunia wakaniuliza kama nauza kwa kisado au kwa gunia. Saa 3 ikafika, zikagoma.

Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu la swichi. Nenosiri nililiandika upya mpaka vidole vikalikariri. Zikagoma.

Ikabidi nilale hukohuko, nizione zikigoma kwa macho yangu. Nikaweka laptop juu ya gunia nikaanza kukipigia pingi, yaani kompyuta inaita anwani, 192.168.1.105, na mwenye anwani anaitika. Kikaitika. Sasa kama upo, mbona hupokei? Nikatazama muda wa majibu: milisekunde 180, 240, 90. Kitu kilichofungwa kwa kebo, hapo mezani, kinatakiwa kuitika chini ya milisekunde 1. Nikachomoa kebo.

Kikaitika.

Nikachomoa na waya wa umeme. Taa zikazima, feni ikanyamaza. Kikaitika, milisekunde 130. Hapo nilisogea mlangoni kwanza, maana kufikiri nako kunataka mahali pa kukimbilia.

"Vipi fundi?" mlinzi akauliza.

"Mzee, hiki kitu nimekikata umeme na bado kinaongea."

Mzee akavua kofia, akakitazama kisanduku, akanitazama mimi. "Hapo mi simo," akasema, akaenda zake kuzungukia vichanja kule nyuma.

Alipokata kona tu, pingi ikanyamaza. Aliporudi, ikaitika.

"Mzee, samahani, hebu rudi tena kule nyuma."

"Kufanya nini?"

"Wewe nenda tu."

Akaenda huku ananung'unika. Kimya. Nikamwita, akarudi. Kikaitika! Nikamwomba simu yake. Alikuwa ameunganishiwa waifai na mtoto wa Mama, ili usiku aangalie magoli ya Yanga, na pale kwenye mipangilio anwani imeandikwa wazi: 192.168.1.105.

Aliyefunga kisanduku zamani alikiandikia anwani kwa mkono, tena akaichukua ndani ya fungu ambalo rauta, yaani kifaa kinachogawa mtandao, inagawia wageni, kuanzia 100 hadi 199. Rauta haina habari na vilivyoandikwa kwa mkono, kwa hiyo mzee akiingia zamu inampa 105. Saa 3 kompyuta zinauliza "105 ni nani?", wanaitika wawili, nazo zinamfuata mzee. Madeni yote ya Kongo yalikuwa yanabisha hodi kwenye simu ya mlinzi. Na zile siku nakala zilipopita, zamu ilikuwa ya mwenzake, ambaye ana simu ya kitochi, isiyojua waifai.

Nikakihamishia kisanduku kwenye anwani ya 10, nje ya fungu, nikazielekeza kompyuta huko, nakala zikapita. Kazi ingeishia hapo, ila asubuhi Mama alitaka kuelezwa, nami nikaeleza vizuri mno.

"Kwa hiyo mashine inajua mzee akitoka?"

"Inajua simu yake ikitoka kwenye waifai, Mama."

"Ndiyo hiyohiyo. Ng'wanawane, huyo mzee mpe hiyo namba moja kwa moja, asinyang'anywe. Na hiyo pingi iache usiku kucha, asubuhi uniletee karatasi."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na pengo kuanzia saa 6 mpaka saa 8. Mzee akaitwa.

"Nilikuwa chooni, Mama."

"Saa 2 nzima?"

"Dagaa wako hao."

Tangu hapo karatasi zinakuja zimejaa, hakuna hata mstari mmoja uliorukwa. Mama kafurahi mpaka kamwongezea mshahara. Juzi usiku nilisahau chaja ofisini, nikaifuata, geti nimekuta limefungwa. Nikampigia mzee kwenye ile simu yake, ikaita humo ndani, juu ya kiti, mpaka ikakata. Nikapiga namba nyingine aliyonipa karibuni, ya kitochi. Akapokea, na nyuma yake nasikia watu wanagombana kuhusu karata.

"Nipo hapahapa getini, fundi, sijabanduka."

Mimi nilikuwa nimeliegemea geti hilohilo. Na asubuhi karatasi ikamuunga mkono mstari kwa mstari.