Meseji ya muamala si hesabu ya duka

Maduka mengi ya mtaani yameacha daftari bila hata kuamua kuliacha. Mteja analipa kwa lipa namba, ile namba maalumu ya malipo ya duka, simu inalia, Mangi anatupia jicho kioo, anasema "imeingia", biashara imekwisha. Ukimuuliza jioni ameuza kiasi gani, anafungua meseji na kuanza kujumlisha kwa kidole. Nadhani hili ni kosa, na ni kosa linalogharimu fedha.

Mimi si mpinzani wa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, biashara ndogo imepata kitu ambacho benki hazikuwahi kuipa. Lakini meseji ya muamala iliandikwa na kampuni kwa ajili ya hesabu za kampuni. Inataja kumbukumbu namba, kiasi, jina lililosajili laini, tarehe, saa na salio. Haitaji kilichouzwa. Haisemi kama fedha ile ni mauzo ya leo, deni la mwezi uliopita, kianzio cha gunia la mkaa, au mchango wa harusi ya mpwa wa mwenye duka.

Tena mawakala wenyewe, ndio waliobeba biashara hii mabegani, hawakuacha kalamu. Tangu mwanzo wakala amekuwa na daftari lake: tarehe, kumbukumbu namba, kuweka au kutoa, kiasi, namba ya simu, jina, kitambulisho, sahihi ya mteja. Floti, yaani fedha yake ya kwenye simu, ikipishana na taslimu, hapo ndipo wanaporudi kutafuta tatizo. Wakala amefungwa na utaratibu wa kampuni. Mwenye duka hafungwi na mtu, basi kaacha.

Tuchukue shilingi 10,000 zilizoingia saa 12 jioni. Meseji inasema 10,000, kwa jina la Mwanahawa fulani. Dukani hakuna anayemjua Mwanahawa. Wanamjua Mama Asha, na Mama Asha leo katumia laini ya mdogo wake. Kanunua vitu vya 4,000, kalipa deni la 3,000, na 3,000 iliyobaki kaomba apewe mkononi kwa sababu hakutaka kwenda kwa wakala akakatwe. Meseji moja, mambo matatu. Asipoandika mtu, kesho mauzo yatahesabiwa 10,000, deni litabaki kwenye kichwa cha muuzaji, na droo itaonekana imepungua 3,000.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayovunja uaminifu kati ya tajiri na kijana wake wa dukani. "Nikutumie elfu kumi unipe elfu tatu mkononi" ni ombi dogo, na likija mara tatu kwa siku ni 9,000. Tajiri anakuja kufunga hesabu, droo haifiki, kijana anaambiwa mwizi. Hakuiba. Duka limefanya kazi ya wakala bila kamisheni na bila kumbukumbu, na siku ya kuzitoa zile fedha kwenye simu, makato yatamwangukia mwenye duka. Ushauri wangu: mwenye duka aseme wazi kama anakubali jambo hili au hakubali. Kama anakubali, liwe na safu yake kwenye daftari.

Daftari lenyewe si jambo la kutisha. Kaunta buku la kwaya mbili, kurasa 192, linatosha duka dogo kwa miezi kadhaa. Piga mistari upate safu saba: tarehe, jina, bidhaa na kiasi, taslimu, simu, deni, fedha iliyorudishwa mkononi. Kwa aliyelipa kwa simu, andika kando tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu namba. Nne zinatosha kukupeleka kwenye meseji sahihi. Kwa mauzo madogo ya taslimu, kama biskuti na vocha, usiandike moja moja, utachoka siku ya tatu na kuacha kabisa. Hayo utayapata kwa hesabu ya jioni. Kinachopaswa kuandikwa palepale, mteja akiwa bado kauntani, ni deni na fedha iliyorudishwa. Ukisema utaandika baadaye, imepotea.

Jioni hesabu inakwenda hivi. Tuseme asubuhi uliacha chenji 20,000. Mauzo ya taslimu 146,000. Madeni yaliyolipwa taslimu 12,000. Jumla 178,000. Toa mikate uliyolipia taslimu 30,000, toa 9,000 za waliotuma zaidi, toa 10,000 uliyochukua kwa ajili ya nyumbani. Droo lazima iwe na 129,000. Duka lisiloandika kila mauzo linaigeuza: linahesabu droo kwanza, linarudisha yaliyotoka, linaondoa chenji na madeni yaliyolipwa, na linalobaki ni mauzo. Upande wa simu, jumlisha meseji za kuingia za siku hiyo tu, ulinganishe na safu ya simu pamoja na ile ya kurudisha. Salio usilitumie peke yake, kwa kuwa limechanganya jana na leo, na kwa wengi limechanganya duka na familia.

Hapo kuna tatizo jingine: laini moja kwa kila kitu. Ada ya mtoto, kikoba, hela ya kijijini "tuma na ya kutolea", na mauzo ya sukari, yote yamelala kwenye salio moja. Lipa namba imeletwa kutenganisha haya. Hata hivyo wapo wengi wanaobandika lipa namba ukutani kisha wanawaambia wateja watume kwenye namba ya kawaida, kwa kuwa huko fedha inatumika haraka. Tozo ya serikali ya Tanzania kwenye miamala ya simu iliyoanza Julai 15, 2021, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ilizidisha ujanja wa namna hii. Watu walirudi kwenye taslimu, wengine wakaanza kujadiliana nani abebe makato, na mazoea yale hayajaisha. Bei ya bidhaa sasa ina swali la pili nyuma yake: na ya kutolea ni ya nani? Liulizwe kabla ya kufunga mzigo, hasa kwa anayeuza mtandaoni na kutuma kwa basi.

Halafu wizi. Meseji bandia ya malipo bado inawapata watu, na chanzo ni kilekile: mteja anaonyesha simu yake, muuzaji anasoma. Kilicho kwenye simu ya mteja hakithibitishi chochote, kwa sababu maandishi hunakiliwa na kubadilishwa. Soma simu yako. Angalia kama meseji imetoka kwa jina la huduma na imeingia kwenye mfululizo uleule wa meseji za zamani, isije kuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Ukiwa na shaka, ingia kwenye menyu uangalie salio kabla mzigo haujatoka.

Kwa Kenya kuna kipimo cha ziada ambacho wauzaji wengi hawakitumii. Msimbo wa M-Pesa wa huko, yaani ile kumbukumbu namba, una herufi na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo zinabeba tarehe. Ya kwanza ni mwaka: N ilikuwa 2019, kwa hiyo T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10, B kwa 11, mpaka V kwa 31. Msimbo unaoanza na NLJ ni wa Desemba 19, 2019. Ukiletewa meseji ya "leo" yenye mwanzo wa mwezi mwingine, hiyo ni ya zamani imepakwa rangi. Ila tarehe kulingana si uthibitisho kwamba ni halali. Mjanja naye anajua kuhesabu.

Matapeli wa Tanzania wamekuwa waandishi hodari kuliko wafanyabiashara. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Sentensi hii haina salamu, haina maelezo, na ndiyo maana inafanya kazi: imeandikwa vilevile tunavyoandikiana ndugu tukiwa na haraka, inamfuma mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Duka lenye madeni kwa wasambazaji limo hatarini zaidi. Dawa ni kanuni moja ya kazi: namba ya msambazaji imeandikwa ndani ya jalada la daftari, na haibadilishwi kwa meseji, ni kwa kumpigia kwenye namba ileile ya zamani. Meseji ya tapeli ipeleke 15040. Na mara mojamoja piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Deni ndilo eneo ambalo simu na daftari vinasaidiana vizuri, na watu wachache wanalitumia. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kibao hicho kimekaa ukutani kwenye maduka mengi, na chini yake watu wanakopa kila siku. Daftari la madeni la kawaida lina majina kama "Fundi", "dada wa geti jeusi", "Baba Neema 2". Siku ya ubishi majina hayo hayamfungi mtu. Andika jina analoitwa na jina kamili, bidhaa na kiasi, si jumla tu. Kisha mtumie maandishi palepale: "Mama Asha, leo 12/3 umechukua sukari kilo 2 kwa 6,000 na unga kilo 5 kwa 10,000. Deni lako sasa ni 16,000." Akijibu "sawa", umepata kukiri kwake kukiwa na tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za namna hii kuwa ushahidi, lakini faida yake kubwa si mahakamani. Ni kwamba ubishi hauanzi.

Kumkumbusha mdaiwa nako kuna namna yake. Mtu mzima anaanzwa kwa shikamoo, kiasi kinatajwa, tarehe inatajwa, basi. Usiweke jina lake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Watu wameumizwa na mikopo ya mtandaoni iliyokuwa ikiwatumia meseji za aibu ndugu na mabosi wao, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Duka likichukua lugha ya kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, litapoteza mteja na deni pamoja.

Kama haya yote hayajamshawishi mtu, kuna kodi. Jedwali la kodi ya makadirio la Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 lilitofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mauzo ya mwaka kati ya milioni 4 na 7: asiye na kumbukumbu 100,000, mwenye nazo asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 6 hiyo ni 60,000. Kati ya milioni 7 na 11: 250,000 kwa asiyeandika, au 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7 kwa anayeandika. Duka la milioni 8 lingelipa 120,000 badala ya 250,000. Uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) jedwali la mwaka wako, lakini uende na daftari, maana taarifa ya miamala ya simu pekee itahesabu hata mchango wa harusi kuwa mauzo.

Madaftari yaliyojaa yasifungiwe karanga. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Andika mwezi na mwaka kwenye jalada kwa kalamu nene, yafunge kwenye mfuko wa nailoni, yaweke juu, mbali na mafuta na panya. Meseji za mwaka husika omba kwa kampuni yako ya simu kama taarifa ya miamala kabla hujabadilisha simu au laini, uichapishe, uiweke humohumo.