Unga wa "kusafisha figo" haulindi figo za mwenye kisukari

Jamani wenye kisukari na mnaouguza wenye kisukari, naomba tuongee hili la figo, maana status za WhatsApp zimejaa unga wa mlonge, binzari na vidonge vya vitamini E, eti vinatoa sumu na kulinda figo, na watu wanachukua hela ya dawa wanaenda kununulia hivyo.

Sio kwamba wameokota tu stori. Ni kweli sukari ikikaa juu muda mrefu, seli za figo zinazalisha kwa wingi chembe haribifu za oksijeni, zinaumiza vichujio, protini inaanza kuvuja kwenye mkojo. Mpaka hapo muuzaji yuko sawa. Anapopotea ni pale anaposema basi meza kitu cha kuua hizo chembe. Njia za namna hiyo zilishajaribiwa kwa watu! Kanada waliwapa vitamini B dozi kubwa wagonjwa wa kisukari ambao figo zimeshaumia, lengo likiwa kushusha homosisteini (kemikali ya kwenye damu inayohusishwa na kuumia kwa mishipa), majibu yakatoka 2010, na waliomeza uwezo wa figo zao ulishuka haraka kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kuna na bardoxolone, dawa ya kuamsha kinga ya seli dhidi ya chembe hizohizo, jaribio lake kubwa likasimamishwa 2012 kwa sababu mioyo ya watu ilikuwa inafeli.

Huko ni kupunga moshi wakati kuni bado ziko jikoni. Toa kuni: shusha sukari, shusha presha (wengi wanalenga chini ya 130/80), na kama mkojo una protini daktari atakuanzishia losartan (dawa ya presha inayolinda na figo) au dawa za kundi linalofanana nayo. Siku hizi kuna dapagliflozin pia, dawa ya kisukari inayosaidia na figo, jaribio lililotoka 2020 ilipunguza kwa 39% hatari ya figo kushuka sana, kufeli, au mtu kufa kwa figo au moyo. Bei yake bado inauma, najua.

Ila kinachoniuma mimi zaidi ni kipimo cha albumini (ile protini inayovuja) kwenye mkojo, watu wanahudhuria kliniki miaka wanapimwa sukari ya kidole tu wanarudi nyumbani, na figo mwanzoni haziumi hata kidogo. Kiombe kwa jina. Kisukari aina ya pili unapimwa tangu unagundulika, halafu kila mwaka, pamoja na kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinachuja vipi. Na diklofenaki za kununua duka la dawa kila mgongo ukiuma, muulize daktari kwanza, hizo nazo zinaumiza figo.