Karibu nyumbani, ila shamba ni la nani?

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, hujafika mbali utamsikia makanga wa matatu akiita, "Kengeleni! Kengeleni wa kushuka!" Watu wanashuka na vikapu vyao, wanashika njia. Kengele yenyewe bado ipo kando ya barabara. Zamani iligongwa kuwaonya wakazi wa Freretown kwamba wachuuzi wa watumwa wameonekana. Wakazi wenyewe walikuwa watumwa walioachiwa huru, na baadhi yao walikuwa wamerudi kutoka India. Hao walitekwa utotoni huku bara, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakapelekwa Bombay na kulelewa na wamisionari karibu na mji wa Nasik. Wachache wa kwanza walifika Rabai mwaka 1864. Freretown ilipoanzishwa, kati ya 1874 na 1875, wengine wakafuata na ufundi wao wa chuma na mbao, na Kiingereza chao, na Kihindustani chao.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa watu wenye asili ya Afrika kurudi barani huendeshwa siku hizi kana kwamba ulizaliwa Accra juzi. Sisi wa pwani tuliwapokea waliorudi zamani, tena hatukuwapokea vizuri sana, na wao hawakutuona ndugu mara moja.

Ghana, ni kweli, ndiyo iliyoligeuza jambo hili kuwa sera yenye bajeti na matangazo. Septemba 2018, akiwa Washington, Rais Nana Akufo-Addo aliutangaza mwaka 2019 kuwa Mwaka wa Kurejea, kwa kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika waliotekwa waliposhushwa katika koloni la Waingereza la Virginia mwaka 1619. Mwaka huo wageni walioingia nchini walipita milioni moja, na serikali ikajisifu kwa mapato ya dola bilioni 1.9. Novemba 2019 watu 126 wa diaspora walipewa uraia. Novemba 2024 wakapewa wengine 524 kwa mpigo. Benin nayo, Septemba 2024, ilipitisha sheria inayompa uraia mtu mzima anayeweza kuthibitisha kwamba mzazi wake wa kale alichukuliwa utumwani kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na kipimo cha vinasaba kinakubalika kama ushahidi.

Wapo wanaoona yote haya ni utalii uliovikwa kitenge. Siwalaumu kwa kushuku, lakini dhihaka yao inanikera. Mtu anayeingia kwenye vyumba vya chini vya ngome ya Elmina, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia 1482, au anayeukanyaga mto wa Assin Manso ambako mateka waliogeshwa kabla ya kupelekwa pwani kuuzwa, hajaenda kupunga upepo. Mluhya aliyehamia Toronto anaweza kusema "kwetu" na akataja mto, kilima na jina la babu. Huyu hawezi, kwa sababu kufutwa kwa jina la babu yake kulikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Akilia, mwache alie.

Waswahili tuna kicheko chetu maalumu katika suala hili. Kwanzaa ilipoanzishwa Marekani mwaka 1966, misingi yake saba ilipewa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wengi wa wazee wa hao wanaoisherehekea walichukuliwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwa hiyo wajuaji wetu hupenda kuuliza Kiswahili kimewahusu nini. Mimi sioni cha kucheka. Aliyenyang'anywa lugha akienda kujichagulia nyingine barani kwao, amefanya hasa kile ambacho msingi wa pili unasema.

Hoja kwamba "sisi wenyewe tuliwauza" nayo hutupwa mezani kila mara, kwa kawaida na mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Ni kweli kwamba wapo wafalme na madalali wa Kiafrika waliotajirika, na Rais Mathieu Kérékou wa Benin aliomba radhi hadharani kwa hilo mwaka 1999. Lakini anayekiri deni la babu yake hajapata bado sababu ya kumfungia mlango mjukuu wa aliyeuzwa. Kama ina uzito wowote, hoja hiyo inamtetea anayerudi.

Kwa hiyo kuhusu haki ya kurudi, moyo wangu hauna mashaka. Mashaka yangu yanaanza mgeni anapofungua begi na kuuliza kiwanja kiko wapi.

Accra ni mfano mzuri wa jinsi mambo yanavyofinyana. Wenye nyumba pale wamezoea kudai kodi ya miaka miwili mbele, wakati sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1963 hairuhusu zaidi ya miezi sita. Desemba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 54 na nchi ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Katika hali hiyo, mtu mwenye akiba ya dola, hata awe mnyenyekevu namna gani, hata kama kwao Chicago alikuwa akibangaiza, akifika anapandisha kodi ya muuguzi na ya mwalimu. Hakudhamiria. Muuguzi anahama mtaa vilevile.

Mijini ni kodi, vijijini ni ardhi, na huko jambo ni zito zaidi. Huko Asebu, katika Mkoa wa Kati wa Ghana, chifu alitenga ekari 5,000 kwa ajili ya kijiji cha watu wa diaspora. Picha zilikuwa nzuri. Lakini ardhi hiyo haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Zipo familia zilizosimama na kusema ni yao, na wakulima waliolalamika kwamba mashamba yao yamevurugwa. Ukitazama kwa makini, hapakuwa na mwovu katika hadithi hii. Kuna mtu aliyekuja kutafuta alipopotezewa, na kuna mkulima aliyekuwa akipalilia pale pale. Katikati kuna mwenye madaraka aliyekuwa na uwezo wa kumfurahisha mmoja kwa mali ya mwingine. Katiba ya Ghana tayari ina uangalifu wake: asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anapangishwa kwa muda usiozidi miaka 50. Uangalifu huo unamhusu mgeni tu. Mkulima wa Asebu haulizwi chochote na kifungu hicho.

Liberia ilitufundisha somo hili kwa bei ghali. Watu weusi walioachiwa huru Marekani walianza kukaa pale mwaka 1822, wakatangaza jamhuri mwaka 1847. Walikuwa na haki zote za kutafuta mahali pa kupumua. Ila walikuja na wazo kwamba wao ndio ustaarabu, na wenyeji hawakutambuliwa kuwa raia hadi mwaka 1904. Mwaka 1930 tume ya Shirikisho la Mataifa ilichunguza jinsi wenyeji walivyokuwa wakisafirishwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi kisiwani Fernando Po, na Rais Charles King akalazimika kujiuzulu. Wajukuu wa watumwa wakiendesha nchi iliyotuhumiwa kwa kitu kinachokaribia utumwa! Aprili 1980 wanajeshi wakiongozwa na Samuel Doe walimuua Rais Tolbert, na utawala wa walowezi ukaishia kwenye damu, damu ambayo haikukauka kwa zaidi ya miaka 20.

Najua mtu atasema kumlinganisha mstaafu wa Atlanta anayejenga nyumba ya vyumba vitatu na watawala wa Monrovia ni uonevu. Ni kweli, hana bunduki wala serikali. Ninacholinganisha ni mlango wa kuingilia: ardhi kupatikana kwa mazungumzo ya juu, baina ya mwenye hati na mwenye cheo, huku mwenye jembe akipata habari tingatinga likishafika.

Turudi Freretown kidogo, maana kuna mtu simsahau. William Jones alikuwa mmoja wa hao waliolelewa India. Mei 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Hannington alifunga safari ya Uganda, akamwacha Jones Kavirondo, magharibi mwa Kenya ya leo, na sehemu kubwa ya msafara, akaenda kuuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia hadi Rabai, wakiwa wamebeba bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja la Biblia, Ichabod, yaani utukufu umeondoka. Ungetarajia mtu wa namna hiyo awe na pa kuegemea. Hakuwa napo. Wamisionari wa Ulaya walimwona mtumishi wa daraja la chini, na mabishano ya mishahara na heshima hayakuisha. Wenye watumwa wa Mombasa waliwachukia watu wa misheni kwa sababu waliotoroka walikuwa wakijificha kwao Rabai na Freretown. Kwa majirani walikuwa Wamisheni, watu wa Wazungu.

Leo Mmarekani mweusi akitembea sokoni Accra ataitwa obroni, neno lilelile aitwalo Mzungu. Akija Arusha atasikia "mzungu mweusi", mara nyingi kwa utani, mara nyingine si utani. Huumia. Ameitwa mweusi maisha yake yote, mpaka akachapwa risasi kwa hilo, halafu anavuka bahari aje aambiwe ni Mzungu. Anayemwita hivyo naye anaona anachokiona: pasipoti inayofungua milango, kamera, na tiketi ya kurudi. Wote wawili wanasema kweli.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970, aliwaita Waomani wa Zanzibar na wa pwani yetu warudi kwao. Wakarudi, wengi wao wakiongea Kiswahili kuliko Kiarabu, na huko Muscat wakaitwa Wazanzibari. Mpaka leo zipo nyumba za Muscat ambako samaki wa nazi huagizwa kwa Kiswahili. Lakini wale waliosafirishwa kutoka soko la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, ambao wajukuu wao wako Ghuba, na wale Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika walioko India na Pakistani, ni serikali gani ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwatangazia mwaka wao? Hawana dola, basi hawana sherehe. Hapo ndipo ninapokubaliana na wenye shaka kuhusu nia za serikali.

Hata hivyo, suluhisho lao la kuwaacha wabaki watalii silikubali. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika uliamua kuialika diaspora kuwa sehemu ya bara, na watu wakaanza kuiita kanda ya sita. Lakini Mmarekani mweusi akitua Kilimanjaro analipa viza ya dola 100 sawasawa na Mmarekani mweupe. Utalii unamfanya awe pochi, na pochi haina majirani. Ningempa uraia, tena mapema kuliko tunavyofanya, na ningekuwa mchoyo sana wa zawadi za ardhi. Tunafanya kinyume: hekta ni rahisi kutoa, pasipoti ngumu. Raia anatozwa kodi, anashtakiwa, anapanga foleni ya hospitali, anachaguliwa na kuangushwa. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mweusi wa Marekani, alihamia Ghana mwaka 1961 kwa mwaliko wa Nkrumah akiwa na umri wa miaka 93, akachukua uraia, akafia Accra mwaka 1963. Bob Moses, aliyepigwa Mississippi kwa kuandikisha weusi wapige kura, alifundisha hesabu katika sekondari ya Same miaka ya sabini ikiingia. Hakuna aliyemkatia eneo. Alipewa chaki.

Kuna pia Pete O'Neal wa Kansas City, kiongozi wa huko wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, aliyekimbia Marekani mwaka 1970 na kufika Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte walikaa Imbaseni, nje kidogo ya Arusha, wakajenga kituo cha jamii ambako vijana wa hapo walisoma bila ada. Imbaseni ni Umeruni. Mwaka 1951 Waingereza waliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuisemea ardhi hiyo. Mmeru hasubiri mtu amweleze mgeni mwema na mgeni mnyang'anyi wanatofautiana wapi.

Tanzania ina kitu ambacho Asebu hawakuwa nacho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkutano huo najua huchakachuliwa mara nyingi, lakini upo, na mama mwenye robo ekari ya migomba ana haki ya kunyoosha mkono akakataa. Ningependa siku moja nimwone aliyerudi, akiwa tayari na uraia wake mfukoni, amesimama mbele ya watu waliokaa kwenye majani, akieleza kwa Kiswahili cha kuungaunga anataka eneo lipi na atafanya nini humo. Kitenge na jina jipya avipate baadaye, mama yule akishaushusha mkono.