Gradi Sitini

Siku dada yangu alipoletewa posa, mimi nilipokea wageni mguu mmoja peku, wa pili umo ndani ya buti la plastiki la manjano lililonifika katikati ya muundi. Mtaani kwetu kila mtu ana tafsiri yake. Wako wanaosema ni bangi. Wako wanaosema nilirogwa na shemeji mtarajiwa. Wote waongo. Aliyeniponza ni mzee wa Kitaliano na neno moja tu, gradi.

Mzee huyu namlindia nyumba yake Casuarina, na Malindi nzima tunamwita Nonno. Zamani alipouza nyumba yake ya milimani huko Italia alipakia kila kitu kwenye kontena, hadi vitu vya theluji, akavileta mji ambao barafu tunaijua kwenye mfuko wa samaki. Mwaka huo, kusi lilipoanza kuvuma na msimu kufa, akanifungulia stoo kabla hajapanda ndege. Akasema niviuze, pesa tugawane nusu kwa nusu.

Mlikuwa na mbao mbili za kutelezea kwenye theluji, zile ambazo mtu husimama juu ya ubao mmoja kwa miguu yote miwili. Mmoja wa sentimita 183, wa mbio za kona pana, na mwingine wa 158, wa kona za karibu karibu. Si kama zile mbao pana za vijana wa suruali za kuning'inia. Hizi ni nyembamba, kiuno chake sentimita 19 hivi, na mtu huzipanda na mabuti magumu ya plastiki, si yale laini ya kamba. Nonno alishanieleza utamu wake: ukiulaza ubao kwa ubavu unakata kona wenyewe, na nyuma yako kwenye theluji unabaki mstari mwembamba kama kisu kilipopita kwenye halua. Akianza habari hizo hamalizi. Lazima amtaje Ester Ledecká, yule Mcheki aliyechukua dhahabu mbili Olimpiki ya 2018, moja kwa ski, yaani kila mguu na ubao wake, na moja kwa ubao kama huu, na hapo macho humlenga machozi.

Sasa kuuza. Binamu yangu, ambaye biashara zote anazijua isipokuwa zinazolipa, akasema mteja anataka video. Theluji hatuna, lakini Mambrui kuna vilima vya mchanga. Tuteleze huko, turekodi, tuweke mtandaoni, Wazungu wagombanie. Nikaona maneno hayo.

Nikachagua ubao mfupi, kwa sababu ule mrefu haungeingia kwenye tuktuk. Mabuti yalikuwa jozi mbili, ya kijivu yameandikwa 28 na ya manjano yameandikwa 26. Mimi kwa viatu vya dukani navaa 43, kwa hiyo namba hizo zote mbili kwangu zilikuwa za watoto. Nikachukua ya manjano kwa sababu yangetokea vizuri kwenye video. Baadaye ndipo nilipojua kwamba namba ile ni urefu wa mguu wa mtu kwa sentimita, na kwamba kwa futi ya cherehani ya mama mguu wangu ni 27 na nusu. Kumbuka hiyo sentimita moja na nusu.

Nikamtumia Nonno ujumbe wa sauti kuuliza vinafungwaje. Akarudisha dakika tatu nzima. Kiitaliano changu ni cha ufukweni, natembeza safari ya Marafa na napatana bei ya kamba mbichi, ila ufundi haumo. Nilichonasa ni scarponi, yaani mabuti, "sessanta davanti, cinquantacinque dietro", sitini mbele, hamsini na tano nyuma, kisha "gradi", kisha "importante" mara nne.

Na gradi mimi nazijua! Kila Machi Nonno hujipepea kwa gazeti huku akilia, "Trentaquattro gradi!" Gradi ni joto. Kwa hiyo buti la mbele lipashwe moto hadi 60, la nyuma hadi 55.

Lakini mguu wa mbele ni upi? Binamu akasema kuna kipimo, unamsukuma mtu kwa ghafla kutoka nyuma, mguu unaotangulia ndio wa mbele. Akanisukuma kabla hajamaliza kueleza. Ulitangulia wa kushoto, halafu nikafuata mimi mzima mzima ndani ya lundo la makuti. Basi buti la kushoto likapandishwa juu ya mabati palipo na jua kali, la kulia likawekwa pembeni penye kivuli cha mwarobaini, ili lipungukiwe gradi tano. Kipimajoto hatukuwa nacho. Binamu aliligusa kwa kidole, akakirudisha haraka mdomoni. "Sitini hiyo."

Wakati huo fundi baiskeli alikuwa akifunga vibanio kwenye ubao. Ni bamba mbili zenye chuma cha duara mbele na nyuma, buti linakaa juu yake na kubanwa kwa klipu ya kidoleni. Kila bamba skrubu nne. Bamba zenyewe zinazunguka na zina vistari na namba pembeni, na fundi akaniuliza azielekeze wapi. Nikamwambia azikingamishe tu, kama kwenye picha. Akakaza.

Mabuti tuliyafunga kwa blanketi kama sufuria ya pilau yasipoe, tukavuka daraja la Sabaki hadi Mambrui. Juu ya kilima nikayavaa. Mguu uliingia kama mkono kwenye unga wa mahamri, laini, joto, raha tupu. Nikabana vishikizo vinne kila upande, nikanasa mabuti kwenye ubao, nikakunja magoti kama Mcheki. Chini walikuwapo watoto kama kumi na mbuzi watatu.

Nilikwenda mita tano. Ubao wenyewe ulitaka kwenda, nausifu kwa hilo. Lakini upana wake ni sentimita 19, na buti lililokingamishwa ni zaidi ya 30, kwa hiyo vidole vilijitokeza huku na visigino kule, na nilipoulaza ubavu kidogo tu vidole vikazama mchangani kama jembe. Ubao ukasimama. Mimi sikusimama. Na bamba hizi haziachii mguu mtu akianguka kama ski zinavyoachia, kwa hiyo tuliteremka pamoja, ubao juu, mimi juu, ubao juu. Mbuzi walikimbia. Watoto walipiga makofi wakaomba nirudie.

Klipu zilifunguka. Vishikizo vyote vinane navyo vikafunguka. Mabuti hayakutoka. Plastiki ile ikipata joto hulainika, na ikipoa hukaza, na upepo wa kusi ulikuwa umeshaipoza vizuri ikiwa imenizunguka. Binamu alivuta, dereva wa tuktuk akamvuta binamu. Kisha kile kitasa cha kisigino kinacholaza buti mbele kikaziba kwa mchanga kikagoma kurudi, nikawa natembea magoti yamekunjika, kama mtu aliyetaka kuketi akaghairi.

Nyumbani tulifika saa tisa na nusu. Wageni walitarajiwa baada ya alasiri.

"Weye!" Shangazi alidondosha upawa. "Umevaa nini hicho?"

"Viatu, shangazi."

"Vivue! Kuna mkeka mpya!"

"Havivuki."

Alinyamaza, akanitazama kutoka chini hadi juu, kisha akaita kwa sauti ya msiba, "Jamani, mwanenu!"

Mafuta ya nazi yaliingia chupa nzima, yakachanganyika na mchanga, ikawa simiti. Binamu akampigia Nonno. Tulisikia kicheko, kisha kikohozi, kisha kicheko tena, kisha sauti: "Gradi! Come l'orologio! Come l'orologio!" Kama saa. Kama mshale wa saa unavyozunguka. Gradi za pembe, zile za shule ya msingi na kile kipimo cha plastiki cha nusu duara! Ndiyo maana bamba zilikuwa na namba. Vidole vilitakiwa vielekee mbele ili mguu uenee juu ya ubao. Alipotulia akaongeza neno moja lililotufaa: "Caldo." Joto.

Ndani dada alikuwa anatengenezwa nywele. Draya ikaletwa na waya wa kuunganisha. Shangazi akaishika mwenyewe, akaupulizia mguu wa kushoto dakika kumi huku akinisomea ukoo wangu wote. Plastiki ikalegea, mguu ukatoka kwa mlio wa kizibo, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Draya ikahamia kulia. Tokeni zikaisha.

Na pale mlangoni nikasikia, "Hodi wenyewe?"

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja, kupokea wageni na kuzungusha kahawa. Sikuwa na wa kuniwakilisha. Nilivuta kanzu chini kadiri ilivyofika, nikasalimia, nikazunguka na dele. Peku, ko! Peku, ko! Kila nikiinama kumimina, magoti yasiyonyooka yananiinamisha zaidi, hivyo mpaka leo wanasema nilikuwa kijana mwenye heshima za kupita kiasi. Wazee walitazama dari. Halua ilipita, maneno ya posa yakasemwa, mahari yakatajwa, yote kwa utulivu, isipokuwa mzee mmoja wa upande wa bwana harusi ambaye hakuliondoa jicho kwenye lile buti. Mwishoni akamwinamia ami yangu.

"Samahani, bwana. Huyu kijana na binti ni ndugu wa damu, au walinyonya pamoja tu?"

Ami ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na maishani mwangu sijamsikia akisema uongo.

"Huyo?" akasema, akinyoosha kikombe nimwongezee. "Wa jirani."