Mwamba wa pweza ukifungwa, nani anaulipia?

Shuka pwani siku ya bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, yakishatoka, uone sheria ya bahari inamgusa nani kwanza. Wenye ngalawa wako mbali, maji ya kina. Juu ya mwamba wamebaki kina mama, kanga zimekazwa kiunoni, mchokoo, kijiti chenye ncha, mkononi. Wanatafuta shimo lililorundikwa vijiwe na makombe matupu mlangoni, maana hapo ndipo pweza alipojificha. Mama huingiza mchokoo taratibu, akasubiri hadi mkono mmoja wa pweza uushike, kisha anamvuta. Pweza wawili watatu ndio unga wa leo na daftari la mtoto kesho.

Mwamba huo ndio unaofungwa, pweza wasivuliwe kwa muda. Ilianza kusini-magharibi mwa Madagaska, Andavadoaka, mwaka 2004: kijiji kilikubaliana kuacha sehemu ya mwamba ipumzike kwa miezi kadhaa, kisha kikaifungua. Kwetu wamefuata Kisiwa Panza kule Pemba, na vijiji vingine vya Unguja na Mafia. Zanzibar mambo haya hupitia kamati za uvuvi za shehia. Bara hupitia BMU, vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi wa ufukweni, na sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iipitishe.

Wanaotetea kufunga wana hoja nzito. Pweza wa miambani haishi miaka mingi, ni mwaka mmoja na kitu, lakini hukua haraka ajabu. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukimtoa kabla hajataga umemtoa yeye na kizazi chake. Ukimwachia miezi mitatu tu, yule uliyemwona kama ngumi unamkuta amejaza ndoo.

Halafu kuna suala la usimamizi, ambalo kwangu ndilo hasa. Kanuni za uvuvi za Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Kanuni nzuri, lakini nani anapima gramu akiwa amezama magotini, na pweza ameshachomwa mchokoo? Akirudishwa atakufa vile vile. Mwamba uliofungwa hauhitaji mizani. Aliyesimama juu yake amekosa, na hata mtoto anayeokota kaa anaweza kumwona.

Sasa wasikilizeni wanaolalamika, maana nao hawasemi ovyo. Mwenye chombo, mwamba wa karibu ukifungwa, hutweka tanga akaenda mwamba mwingine. Mama wa kwa miguu hana mwamba mwingine. Miezi mitatu ya kufunga ni bamvua sita hivi, na hizo ndizo siku zake za kazi, kwani maji mafu, yasiyotoka sana, hayamwachii mwamba wa kutembea. Kinachonikera zaidi ni siku ya kufungua. Wanakuja vijana kutoka vijiji vya mbali na miwani ya kuzamia, wanashuka ukingoni kwenye pweza wakubwa, na ndani ya siku mbili mwamba uliolindwa miezi mitatu umekwisha. Pweza wanamwagika ufukweni kwa mkupuo, mnunuzi anashusha bei atakavyo. Aliyefunga mkanda muda wote huo anaondoka na wachache, tena kwa bei ya kutupa.

Basi je, tuache kufunga? Sikubali. Mwamba usiopumzika unamnyima huyo huyo mama kesho yake, naye hana pa kukimbilia. Lakini sikubali pia kuiita hifadhi ya jamii wakati gharama yote inakaa juu ya kichwa cha mtu mmoja katika jamii hiyo. Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Morisi, walipoanza kufunga uvuvi wa pweza mwaka 2012 waliwapa wavuvi waliosajiliwa kazi nyingine za malipo kwa muda wa kufunga. Ni fedha za serikali, najua, na halmashauri zetu hazina mfuko wa namna hiyo. Yapo mambo yasiyohitaji mfuko, hata hivyo. Lifungwe eneo la ukingoni na maji ya kina, kipande cha karibu na nchi kavu kibaki wazi kwa wanaokwenda kwa miguu. Siku ya kufungua, bamvua la kwanza liwe lao peke yao, wazamiaji wangoje la pili. Bei ikubaliwe na mnunuzi kabla mwamba haujafunguliwa, si pweza wakiwa wameshalala mchangani wanachemka juani.

Haya yote yanaweza kuandikwa katika makubaliano ya kijiji, lakini yataandikwa na nani? Mkutano ukiitishwa maji yakiwa yametoka, kina mama wa pweza wako mwambani. Wanaobaki kuamua mwamba ufungwe ni wenye vyombo, waliokwisharudi na kukaa kivulini. Sheha au mwenyekiti anayetaka kusikia neno la kina mama hao aitishe mkutano wake siku za maji mafu.